Mmebadilisha jina la seva bila kuniuliza, halafu mkaniambia nifute oda za watu

Nina hasira na siifichi. Jumamosi patroni wetu, mwenye depo ya dawa hapa Lubumbashi, alileta mafundi wa kampuni moja waje "kupanga majina ya mashine". Mimi nilikuwa Likasi kwenye kilio. Hakuna aliyenipigia simu. Seva iliyoitwa srv1 tangu siku niliyoiweka wakaipa jina depo-lshi-01 kwa hostnamectl (amri ya kubadilisha jina la mashine), wakaingia na kwenye /etc/hosts, faili inayoiambia mashine jina gani liko kwenye anwani gani, wakafuta jina la zamani, wakapokea pesa yao, wakaenda.

Kwenye seva hiyo kuna RabbitMQ, programu inayopokea ujumbe na kuutunza kwenye foleni mpaka uchukuliwe. Oda za farmasi za Katuba, Kenya na Ruashi, mitaa ya hapa Lubumbashi, zinapita hapo. Farmasi inatuma, oda inakaa kwenye foleni, asubuhi programu ya depo inaichukua na kuchapa karatasi ya kutolea mzigo. Jumapili tunafunga, kwa hiyo oda zinalundikana mpaka Jumatatu.

Ubaya wa jambo hili ni kwamba halionekani siku lilipofanyika. RabbitMQ inapowaka hujipa jina kutokana na la mashine; yetu iliyokuwa imeshawaka iliendelea na jina lake, rabbit@srv1, ikapokea oda Jumapili nzima. Ni rabbitmqctl, amri ya kuisimamia, ndiyo iliyokuwa inamtafuta rabbit@depo-lshi-01 na kurudisha nodedown, yaani haipatikani. Onyo hilo lilinifikia kwenye simu nikiwa bado kwenye kilio. Nikawapigia mafundi, wakanijibu, "Ni neti tu papa, itarudi." Usiku umeme ukakatika, betri za inverta zikaisha, mashine ikazimika. Ilipowaka, RabbitMQ ikachukua jina jipya, ikajitengenezea folda mpya na kuanza kama imewekwa leo. Foleni hakuna. Akaunti ya programu yetu hakuna. Kila farmasi iliyojaribu kutuma ilirudishiwa ACCESS_REFUSED, yaani imekataliwa kuingia.

Saa moja asubuhi mama mmoja wa farmasi ya Katuba ananipigia: "Papa, jana nimeomba serumu na sindano za artesunate, wagonjwa wamesimama hapa mlangoni, gari liko wapi?" Sikuwa na jibu. Patroni amesimama nyuma yangu, karatasi hata moja haijatoka.

Nikawapigia tena mafundi. Mnajua walisema nini? "Futa folda ya mnesia yote, washa upya, tengeneza akaunti, kwisha." Futa! Foleni zetu ni za kudumu na ujumbe wake unaandikwa kwenye diski. Oda 312 zilikuwa zimelala mle mle ndani ya folda waliyotaka niifute. Ningewasikiliza, zingekwenda moja kwa moja, na hakuna nakala pengine popote.

Nilizima huduma, nikanakili /var/lib/rabbitmq/mnesia yote kwenye diski ya nje kwa cp -a, ndipo nikaangalia ndani. Folda mbili zimekaa jirani: rabbit@srv1 yenye uzito wake, na rabbit@depo-lshi-01, changa, tupu. Mikono ilinitetemeka kwa furaha na kwa hasira pamoja. Nikafungua /etc/rabbitmq/rabbitmq-env.conf, nikaandika mstari mmoja:

NODENAME=rabbit@srv1

Nikawasha, ikakataa: epmd, programu ndogo inayotafuta nodi za RabbitMQ kwa jina, inalalamika kwamba srv1 haijulikani, nxdomain. Bila shaka, si walishalifuta? Nikarudisha kwenye /etc/hosts:

127.0.0.1 srv1

Nikawasha tena. Nikapiga rabbitmqctl list_queues name messages. Foleni ya oda: 312. Printa ikaanza kulia, na gari la kwanza likatoka kwenda Katuba kabla ya saa sita.

Jina jipya la mashine nimeliacha, halinisumbui tena, kwa sababu RabbitMQ sasa ina jina lake lisilotegemea la mashine. Seva nyingine ninazoanza kuweka nazipa rabbit@localhost tangu siku ya kwanza, kwa kuwa kila moja inasimama peke yake. Kwenye klasta, yaani RabbitMQ kadhaa zinazofanya kazi pamoja, hiyo haifai, kila nodi (kila moja kati yao) inataka jina lake.

Kama kuna mtu mjini hapa aliyepangiwa majina ya mashine wiki hizi na RabbitMQ yake haijazimwa tangu hapo, asiiwashe upya kwanza. Angalia rabbitmqctl ikisema nodedown huku programu zako zinaendelea kutuma: uko pale pale nilipokuwa mimi Jumapili. Weka NODENAME ya zamani na mstari wa /etc/hosts kabla umeme haujakukatikia. Na systemctl stop (amri ya kuzima huduma) ikirudisha kosa, huenda ni kwa sababu nayo inamtafuta mwenye jina jipya. Ukishaandika hiyo NODENAME, rabbitmqctl stop inamfikia.

Hao mafundi wameleta ankara ya pili, ya "msaada wa dharura kwa simu". Iko hapa mezani. Nimemwambia patroni siisaini, na kama anataka kuilipa, aandike kwa mkono wake kwamba msaada wenyewe ulikuwa neno "futa".