Makinikia, ule mchanga wenye madini: yale madai ya dola bilioni 190, tulishinda au tulipigwa?

Mtoto wa Kakola: Tuliongee hili bila vyama. Julai 2017 TRA, mamlaka yetu ya mapato, iliidai Acacia, kampuni ya migodi ya dhahabu, dola bilioni 190, kodi pamoja na faini na riba, zaidi ya mara tatu ya pato la taifa zima kwa mwaka. Oktoba hiyohiyo tukakubaliana na Barrick, mwenye hisa nyingi za Acacia, dola milioni 300, tukaambiwa ni kishika uchumba, halafu ikaja Twiga, kampuni ya ubia na Barrick ambayo serikali ina asilimia 16. Nimekulia Kakola, jirani na mgodi wa Bulyanhulu. Malori yenye makontena ya makinikia yalipita mbele ya genge la mama, vumbi likatua kwenye nyanya, mama akawa anazifuta moja moja kwa kanga. Nataka kujua: tulishinda au tulipigwa?

Jembe la Kahama: Tulishinda. Mrabaha wa dhahabu, yaani fungu la serikali kwenye thamani yake, ulikuwa asilimia 4, sasa ni 6, na ada ya ukaguzi 1 juu yake. Hizo bilioni 190 zisingelipika hata wangeuza kila mgodi walio nao duniani.

Nyakahoja: Kama zisingelipika zilitangazwa za nini? Mimi nilidhani tumeshalipwa bilioni 300.

Jembe la Kahama: Milioni, ndugu yangu, milioni 300 za dola. Mia ya kwanza ililipwa Mei 2020. Tusipotoshane.

Binti Igoma: Mnapigania kiasi, mnaiacha njia waliyopitia. Machi 2016 Baraza la Rufani za Kodi liliamua kwamba hiyo Acacia iliwapa wanahisa wake gawio miaka minne mfululizo, 2010 hadi 2013, wakati migodi yake hapa ikionyesha hasara. Likaamuru ilipe dola milioni 41 na ushei. Gawio linatokaje pasipo faida? Kampuni mama ilikuwa London, shimo liko kwetu, hasara ikabaki shimoni. Ndiyo kukwepa kodi huko. Na wale wa Kariakoo wasiotoa risiti ni walewale, wamepishana ukubwa wa mfuko tu.

Mzee wa Mashuka: Dada, futa hilo neno. Niko Kariakoo mwaka wa kumi na saba. Shuka la 45,000 faida yangu ni 2,000. Aliyeshusha kontena kaniuzia bila risiti, kwa hiyo sina VAT ya manunuzi ya kukata. Nikitoa risiti, asilimia 18 inakaa kwenye bei nzima, shuka linafika 53,100, na jirani yangu anauza 45,000. Mteja ataingia kwa nani? Usinifananishe na watu wenye mawakili London.

Binti Igoma: Shikamoo mzee. Sikukutukana. Ila ile 18 ndiyo dawa ya zahanati.

Mzee wa Mashuka: Marahaba. Dawa ya zahanati mimi nanunua duka la dawa, kwa risiti.

Wakili Msomi: Tutenganishe maneno. Kukwepa kodi ni kosa la jinai. Kuepuka kodi ni kupanga mambo yako ndani ya sheria. Kampuni kubwa nyingi zinaepuka, mzee hapo juu anakwepa.

Mzee wa Mashuka: Kwa hiyo mwenye dola akifanya ni mipango, mimi nikifanya ni jinai? Umesoma sheria ipi hiyo, kijana?

Jembe la Kahama: Wakili, hapo umekosea adabu. Mtu mzima huyo.

Mkenya wa Eldoret: Majirani, huku kwetu Machi 2019 Mahakama Kuu ilibatilisha mkataba wa kodi na Mauritius kwa sababu haukufikishwa bungeni inavyotakiwa. Mikataba ya namna hiyo ndiyo mlango wa faida kutokea. Novemba 2023 Afrika ilipeleka hoja Umoja wa Mataifa uandaliwe mkataba wa kodi wa dunia nzima: nchi 125 zikakubali, 48 zikakataa, na waliokataa wengi ni matajiri. Huko ndiko nguvu zetu zinahitajika.

Nyakahoja: Sawa, Mkenya. Mzee, lakini mbona hamkumshtaki huyo wa kontena?

Mzee wa Mashuka: Nimshtaki nikanunue wapi kesho? Tulifunga maduka Mei 2023 mpaka Waziri Mkuu akaja Mnazi Mmoja kutusikiliza. Juni 2024 tukafunga tena. Hatukukataa kodi, tulitaka ikamatwe bandarini, kontena likiwa moja, badala ya kufukuzana na maduka mia mbili.

Binti Igoma: Hilo la bandarini naliunga mkono kwa moyo wote. Neno “walewale” nalirudisha. Lakini mzee, shuka nililonunua kwako au kwa mwenzako mwezi uliopita sikupewa risiti, na sikuulizwa kama naitaka.

Mzee wa Mashuka: Ulilipa ngapi?

Binti Igoma: 45,000.

Mtoto wa Kakola: Jamani, na makinikia?