Hewa ukaa chumbani, pumzi na moyo: namba ya saa isomwe vipi?

Mdadisi:
Ndugu wanajukwaa, naomba ufafanuzi. Kipimo cha hewa ukaa katika chumba ninamolala, madirisha yakiwa yamefungwa usiku kucha, huonyesha alfajiri takriban sehemu 2,000 kwa milioni, ilhali hewa ya nje ina sehemu zipatazo 420. Nilitarajia saa ninayovaa mkononi ionyeshe kupungua kwa tofauti ya vipindi kati ya pigo moja la moyo na jingine, kwa kuwa tofauti hiyo husemwa hushuka mwili unapoelemewa. Haishuki, na mara nyingine hupanda. Je, hewa hiyo hainidhuru, au ni kipimo kisichofaa?

Mfiziolojia:
Ndugu Mdadisi, tuanze na kiasi chenyewe. Sehemu 2,000 kwa milioni ni asilimia 0.2 tu, wakati ndani ya vifuko vya hewa vya mapafu yako, hata ukiwa nje penye upepo, hewa ukaa hufikia asilimia 5 hivi. Katika damu ya ateri shinikizo lake hukaa kati ya milimita 35 na 45 za zebaki. Likizidi, hewa hiyo hupenya hadi kwenye kiowevu kinachozunguka ubongo na kukiongezea asidi, na vihisio vya shina la ubongo huamuru pumzi ziongezeke. Vihisio vingine, vilivyo pale ateri za shingo zinapogawanyika, huitikia upesi zaidi. Kwa kiwango cha chumba chako, nyongeza ndogo ya pumzi hutosha kuiondoa ziada bila wewe kuihisi. Ukivuta hewa yenye asilimia 5 ni habari nyingine: utahema, moyo utaenda mbio na kichwa kitauma.

Msomaji wa Mawimbi:
Nakubali, ila kwa maoni yangu tatizo kubwa ni namna namba inavyosomwa. Mtu akivuta pumzi moyo huharakisha, akiitoa hupunguza mwendo, kwa sababu neva ya vagasi, itokayo kwenye ubongo hadi moyoni, huulegezea na kuukazia breki kwa zamu, na kadiri pumzi inavyokuwa ya kina, ndivyo tofauti hiyo inavyopanuka. Hewa ukaa ikizidi sana, kina cha pumzi huongezeka. Basi namba inaweza kupanda na mwenyewe akadhani ametulia, kumbe neva zinazouandaa mwili kwa hatari zimeamka na shinikizo la damu linapanda. Aidha, wachambuzi huigawa tofauti hiyo katika bendi kwa masafa, yaani kasi ambayo inapanda na kushuka; bendi ya juu, herzi (mara kwa sekunde) 0.15 hadi 0.40, ni sawa na pumzi 9 hadi 24 kwa dakika, kwa hiyo athari ya pumzi ya mtu anayepumua mara 7 huhamia bendi ya chini, ambayo wengi huiita (kwa haraka mno) alama ya msongo. Bila kupima pumzi sambamba na moyo, namba hiyo haina tafsiri moja.

Mdadisi:
Nashukuru. Na nikilinganisha usiku wa dirisha wazi na wa dirisha lililofungwa?

Mfiziolojia:
Utakuwa umepima mambo mengi kwa pamoja, kwani dirisha hubadilisha pia joto, unyevu na kelele, na joto peke yake huongeza mapigo na kuvuruga usingizi. Lakini ikiwa unakoroma na kuamka na maumivu ya kichwa, mwone daktari, kwa sababu pumzi inayokatika usingizini hupandisha hewa ukaa katika damu hata chumba kikiwa wazi.