Orodha ya vifo sensa ya Marekani 1870, inasomwaje?

Habari wakuu. Natafuta ukoo wa mke wangu kule Marekani, kuna bibi yake wa zamani yupo sensa ya 1860 alafu 1870 hayupo, yupo mume na watoto tu. Nasikia kuna orodha ya vifo?

Jibu: Ipo mkuu, ni hazina kwelikweli. Sensa za 1850, 1860, 1870 na 1880 makarani waliandika pia waliofariki miezi 12 kabla ya tarehe 1 Juni, kwahiyo ya 1870 inaanzia Juni 1869 hadi Mei 1870, kama alifariki 1865 humpati humo. Utaona umri, mwezi, alikozaliwa na kilichomuua. Wangu niliona kaandikiwa "consumption", yaani kifua kikuu, nikaiangalia ile karatasi muda mrefu sana.

Jibu: Naongezea, ya 1870 ina namba ya familia, linganisha na sensa ya watu mwaka huohuo. Ila wengi hawakuandikwa, usipomkuta usikate tamaa.

Muulizaji: Jamani nimempata! Februari, na namba ya familia ni ileile ya mumewe. Asanteni mno.