Wapenzi wawili wa kike katika tamthilia: ni wepi walioandikwa vizuri, na kwa nini?

Binti Kitulo (Uyole, Mbeya)

Habari za jioni, ndugu wasomaji. Mvua imetufungia ndani tangu saa tisa, na swali langu linatokana na tamthilia niliyoimaliza juzi usiku. Naomba kila mmoja ataje wapenzi wa kike anaowapenda zaidi katika tamthilia za runinga, na aeleze waandishi waliwajengaje. Sitafuti mjadala wa iwapo uhusiano wa namna hiyo unafaa au haufai; mjadala huo una mahali pake na hauishi leo wala kesho.

Wangu ni Stef na Lena wa The Fosters, tamthilia ya Marekani iliyorushwa kuanzia mwaka 2013 hadi 2018. Stef ni askari polisi, Lena ni makamu mkuu wa shule, na nyumba yao ya San Diego imejaa watoto: mmoja Stef alimzaa katika ndoa yake ya kwanza, mapacha wawili wameasiliwa, kisha wanaongezeka Callie na mdogo wake Jude, ambao walikuwa wakihamishwa kutoka familia moja ya malezi hadi nyingine. Kinachonifurahisha ni kwamba mapenzi ya wanawake hawa hayakuwekwa kando kama tukio maalumu, bali yamefumwa ndani ya shughuli za nyumba. Wanabishana kuhusu malezi ya watoto na kuhusu mume wa zamani wa Stef, ambaye bado ni askari mwenzake kazini. Lena anapoteza mimba iliyokwisha kupewa jina. Stef anafanyiwa upasuaji wa matiti, na mwenzake analazimika kujifunza upya namna ya kumgusa. Hata baba mzazi wa Stef, asiyeikubali ndoa yao, hakuandikwa kama zimwi. Ameachwa awe baba anayempenda binti yake na anayemuumiza.

Swali langu ni hili: kwa nini wahusika wa aina hii ni adimu? Wengi niliowaona kabla ya hawa ama walibusiana mara moja kisha mwandishi akawasahau, ama mmoja wao aliuawa.

Fundi wa Mwanjelwa

Dada Kitulo, umenigusa mahali penye kidonda. Mimi kazi yangu ni kuwawekea watu muvi na tamthilia kwenye fleshi, kwa hiyo huzitazama nyingi kuliko ninavyopaswa, na naweza kukuonyesha kwamba wahusika unaowasema hufa kwa risasi moja.

Mwangalie Tara wa Buffy the Vampire Slayer. Ni binti mpole mwenye kigugumizi, mpenzi wa Willow, na walikwisha kutuzoesha kuwaona pamoja. Katika sehemu iliyorushwa Mei 2002, wawili hao ndiyo kwanza wamepatana baada ya kutengana. Wamesimama chumbani, dirisha liko upande mmoja, na mwanamume mmoja huko nje anafyatua bastola akimlenga Buffy. Risasi inapita dirishani. Willow anaona damu imerukia shati lake kabla hajafahamu ni ya nani. Lililoniudhi zaidi ni kwamba siku hiyohiyo jina la mwigizaji Amber Benson liliwekwa kwa mara ya kwanza miongoni mwa majina ya mwanzo wa tamthilia, yaani alikaribishwa sebuleni siku ya kutolewa na jeneza.

Sasa nenda Machi 2016, The 100. Lexa ni kiongozi wa majeshi, mwanamke anayeogopwa, na mpenzi wake ni Clarke. Wanalala pamoja kwa mara ya kwanza, na muda mfupi baadaye mshauri wake Lexa anafyatua bastola akimkusudia Clarke, na Lexa ndiye anayepigwa. Miaka 14 imepita katikati, na bado ni risasi ya mtu mwingine, na bado ni mara tu baada ya kitanda! Watazamaji waliwaka kwa hasira, wakachangisha fedha kwa ajili ya shirika linalowazuia vijana kujiua, na waandishi wakalazimika kujieleza hadharani.

Kwa hiyo wapenzi ninaowapenda mimi ni Waverly na Nicole wa Wynonna Earp. Mwaka uleule wa 2016, mwishoni mwa msimu wa kwanza, Nicole naye anapigwa risasi. Nilikuwa dukani, nikaweka kalamu chini nikasema haya, twende msibani. Kumbe ni askari, na ndani ya nguo zake alikuwa amevaa fulana ya kuzuia risasi. Akainuka. Mwaka 2021 tamthilia ilifungwa kwa harusi yao.

Mwalimu wa Mafinga

Ndugu Fundi ameeleza namna wanavyokufa, nami niongeze sababu moja, ingawa inatoka vitabuni. Mwaka 1952 nchini Marekani mwandishi Marijane Meaker, akitumia jina la Vin Packer, alichapisha riwaya ya wasichana wawili wa chuo wanaopendana. Mhariri wake alimweleza mapema kwamba hadithi haiwezi kuishia kwa furaha, kwa sababu vitabu vilisafirishwa kwa posta, na posta ingeweza kuvikamata kwa hoja kwamba vinasifia uhusiano huo. Ndiyo maana mmoja wa wasichana anarukwa na akili na mwingine anatamka kwamba hakuwahi kumpenda. Runinga ilipoanza kuwaonyesha wanawake hawa miaka mingi baadaye, sharti la posta lilikwisha kufa, lakini mkono wa mwandishi ulikuwa umezoea. Uingereza, busu la Beth na Margaret katika Brookside la mwaka 1994 lilizungumzwa nchi nzima, na mwaka uliofuata Beth akafia gerezani.

Mzaliwa wa Kihesa

Kamwene, wana Nyanda za Juu. Mimi nataka kuwatetea Xena na Gabrielle, hata kama tamthilia yao, iliyodumu kuanzia 1995 hadi 2001, haikutamka waziwazi kwamba ni wapenzi.

Niliwatazama katika kibanda umiza hapa Iringa, ambapo mwenye kibanda alisimama kando ya runinga akitafsiri kwa mdomo. Kwake yeye Gabrielle alikuwa "mdogo wake Xena", siku nyingine "binti wa shangazi", kutegemea alivyoamka. Katika sehemu ya mwisho kabisa, Gabrielle anabeba maji ya chemchemi kinywani mwake na kuyapitisha katika kinywa cha Xena ili amrudishie nguvu. Kibanda kizima kilinyamaza. Mtafsiri akakohoa, akasema: "Hapo anamnywesha dawa, kama mama anavyomlisha kinda." Tulicheka, lakini hakuna aliyemwamini.

Na hapa kuna jambo la lugha linalonivutia. Kiswahili hakimwambii msikilizaji kama "yeye" ni mwanamume au mwanamke, na neno "mpenzi" halina jinsia, kwa hiyo mtafsiri akitaka kuficha hafanyi kazi kubwa. Lakini akiandika "shoga yangu" pale Willow anapomtaja Tara, anatupeleka kwa rafiki wa kusukana nywele. Akiandika "msagaji", ameingiza dharau ambayo haimo katika mazungumzo. "Mpenzi wangu" lilikuwepo siku zote, fupi na sahihi, na wengi wanaliruka.

Mama Busokelo (Tukuyu)

Wanangu, mimi ni mtu wa kanisa na sitawaficha kwamba mambo haya hayakubaliani na mafundisho niliyolelewa nayo. Hata hivyo binti yangu alinionyesha Gentleman Jack ya mwaka 2019, nami nikaitazama yote, kwa sababu Anne Lister ni mtu aliyeishi kweli huko Halifax, Uingereza, na aliacha shajara yenye maneno yapatayo milioni 5, sehemu yake ikiwa kwa maandishi ya siri.

Kilichonikamata mimi ni makaa ya mawe. Sisi tuliokua jirani na mgodi wa Kiwira tunajua maana ya makaa yaliyo chini ya ardhi ya mtu. Katika tamthilia hii Anne anagundua kwamba matajiri jirani zake wanachimba makaa yake kwa kupita chini kwa chini, naye anatembea kwa hatua ndefu, amevaa nguo nyeusi, akidai bei yake na kukusanya kodi kwa wapangaji kwa mkono wake mwenyewe. Ann Walker anaingia katika maisha hayo akiwa mwoga na mgonjwa wa mawazo, tena tajiri kuliko Anne. Mwandishi hakuficha kwamba fedha nazo zilimvuta Anne. Mapenzi yakichanganyika na hesabu ndipo nilipoyaamini, maana ndoa nyingi ninazozifahamu huku kwetu zina shamba la chai au migomba katikati. Mwaka 1834 walishiriki Komunyo pamoja katika kanisa moja la York, wakaihesabu kuwa ndiyo ndoa yao.

Aliyeiandika ni Sally Wainwright, ambaye kabla ya hapo, katika Last Tango in Halifax, alimgongesha Kate gari siku iliyofuata harusi yake na Caroline, akamwachia Caroline mtoto mchanga. Huyo nilimkasirikia.

Binti Kitulo (Uyole, Mbeya)

Shikamoo, Mama Busokelo, na asanteni nyote. Fundi, kesho naleta fleshi yangu dukani. Niwekee Wynonna Earp.

Nimeongozwa na maelezo yenu hadi kwenye San Junipero, ile sehemu ya Black Mirror ya mwaka 2016 iliyopata tuzo mbili za Emmy. Nimeitazama na dada yangu mkubwa. Yorkie na Kelly wanakutana katika mji wa starehe ulioundwa ndani ya kompyuta, ambamo mtu anaweza kuendelea kuishi baada ya kufa, wakiwa wasichana, kumbe katika uhai wao ni vikongwe, mmoja amepooza tangu ajali ya gari akiwa na miaka 21, mwingine ni mgonjwa wa kufa aliyeishi na mumewe miaka 49. Mume huyo alikataa kuingia katika mji ule baada ya kifo kwa sababu binti yao alikufa kabla haujakuwepo. Kelly anaapa kumfuata mumewe, kisha anabadili nia na kwenda kwa Yorkie.

Dada yangu anasema Kelly aliwasaliti waliomtangulia. Mimi nasema miaka 49 ni deni lililolipwa. Tumelala bila kupatana, na asubuhi hii akanipitishia chai mlangoni akiniuliza kama Kelly angefanya vilevile iwapo binti yake angekuwa anamngoja huko upande wa pili. Sikuwa na jibu la kumpa. Ninyi mnaonaje?