Umeme wa jua wa ziada: tuusukume kwenye gridi au tuchemshie maji?

Mwenye Paa: Saa sita mchana mtaa mzima wenye paneli tunasukuma ziada kwenye waya uleule. Volti inapanda, inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumia nyumbani, inajizima, jua linapotea bure. Jioni kila nyumba inawasha hita na gridi inaelemewa. Kwa nini tusichemshe maji mchana? Tangi la lita 200, kutoka nyuzi 20 hadi 60, linameza uniti 9 na ushee. Ghala tunalo tayari. Anayekimbilia betri ametapeliwa.

Baba Pacha: Nimetapeliwa na nani? Juzi umeme ulikatika usiku, mama yangu anatumia mashine ya oksijeni, betri ikaibeba mpaka alfajiri. Tangi lako lingeibeba? Joto likishaingia majini halikurudishii umeme.

Mwenye Paa: Pole kwa mama, ndugu. Mimi naongelea maji ya kuoga.

Baba Pacha: Ulisema "anayekimbilia betri". Soma ulichoandika.

Fundi Waya: Australia hita nyingi ziliwekewa saa ziwake usiku, maana mitambo ya umeme ya makaa ya mawe haizimwi ovyo. Sasa wanazihamishia mchana kufuata jua. Kuna kifaa kinachopima ziada kwenye mita na kuipeleka kwenye hita kidogo kidogo, hata wingu likipita. Ila siku watu wamesafiri, tangi likishajaa joto ziada inarudi gridi palepale.

Mama Wawili: Nyuzi 60 kwenye nyumba yenye watoto? Wangu alifungua bomba mwenyewe, ngozi ya vidole ikavuka kama ganda la nyanya. Hamjauguza kidonda cha moto nyie.

Mwenye Paa: Basi weka 45, dada.

Fundi Waya: Hapana! Bakteria wa legionela, wanaoleta homa kali ya mapafu, hustawi kati ya nyuzi 20 na 45, na matone madogo ya maji yanayoelea bafuni yanawaingiza mapafuni. Tangini iwe 60, kisha ufunge valvu ya kuchanganya maji ya moto na ya baridi kabla hayajafika bombani.

Mama Wawili: Na aliyefunga hita yangu mbona hakuitaja? Mafundi mnafunga, mnalipwa, mnaondoka.

Fundi Waya: Si mafundi wote. Mimi sikabidhi kazi bila valvu.

Mama Wawili: Mwanangu ana kovu, kaka. Usinihesabie mafundi.

Baba Pacha: Mwenye Paa, bado nasubiri.

Mwenye Paa: Neno "ametapeliwa" nalifuta. La tangi silifuti.