Buckeye kunajengwa kila siku: tununue nyumba jangwani au tubaki Phoenix?

MamaPacha
Wakuu habari zenu. Naombeni mnisaidie kufikiri maana nyumbani tumebishana mpaka tumechoka. Tumepanga apatimenti hapa Phoenix, jimbo la Arizona, Marekani, watoto wanakua, na kila tukisaini mkataba upya kodi imepanda. Mume wangu alienda Buckeye, mji ulio magharibi mwa Phoenix, akaona nyumba mpya, vyumba vinne, gereji ya magari mawili, kwa bei ambayo huku tulipo hupati hata nyumba kuukuu. Karudi macho yanang'aa. Nami nikaenda kuona. Nyumba ni nzuri kweli, sikatai, ila ukisimama uani nyuma ya ukuta ni jangwa tupu mpaka milimani, kivuli hakuna, na nusu ya mtaa bado ni misingi na mabomba yamechomoza ardhini. Mji ule mwaka 2000 ulikuwa na watu elfu sita na kitu, sensa ya 2020 ikakuta zaidi ya elfu 91! Swali langu ni moja: maji ya watu wote hawa yanatoka wapi, na yatakuwepo mpaka tumalize mkopo wa miaka 30? Mlioko huko semeni ukweli.

Dereva_I10
Dada maji utayakuta, utakachokosa ni muda. Kutoka Buckeye mpaka katikati ya Phoenix ni maili 30 na zaidi, na njia ya maana ni hiyo hiyo barabara kuu ya I-10. Asubuhi unaelekea mashariki jua liko usoni, jioni unarudi magharibi jua liko usoni tena. Ajali ikitokea mbele yako umekwisha, watoto watakukuta umechelewa kuwachukua. Mwambieni baba aiendeshe siku ya kazi, asiende Jumapili na dalali halafu aseme ni karibu.

Baba_Mjengo
Mimi nashangaa kitu kimoja. Mwanaume kahangaika kutafutia familia paa, mke anakuja kuuliza watu asiowajua. Yeye ndiye atakayeendesha hiyo I-10, wewe utakuwa ndani na AC. Unalalamika nini hasa?

MamaPacha
Kaka, nafanya kazi zamu ya usiku, naendesha kama yeye na pengine zaidi. Na huo mkopo utakuwa na majina mawili, la kwake na la kwangu. Nimeuliza maji. Kama hujui habari za maji sema hujui upite.

Nesi_wa_Zamu
Safi sana dada. Na huyo anayesema "ndani na AC" ajue AC ikifa Julai humo ndani ndimo watu wanamofia. Mwaka 2023 Phoenix ilipiga siku 31 mfululizo joto la juu halishuki chini ya nyuzi 43 za Selsiasi. Kuna usiku mmoja mwezi ule wa Julai joto halikushuka chini ya 36, usiku jamani! Kaunti ya Maricopa, ambamo Phoenix na Buckeye zimo, ilihesabu vifo 645 vilivyohusiana na joto mwaka ule. Karibu nusu walikuwa watu wasio na makazi, lakini wengine walikutwa majumbani mwao, mashine ipo ukutani na haifanyi kazi. Nimewapokea watu waliodondoka kwenye lami wakaungua ngozi kwa kulalia lami tu dakika chache. Msichukulie hili kama mada ya kuchangamsha genge.

FundiAC
Nesi kasema kweli, naongezea la kiufundi. Nyumba mpya mashine yake ni mpya, hilo zuri, ila kinachokufa mara nyingi ni kapasita, kile kikopo kidogo kwenye mashine ya nje. Joto linakivimbisha kichwa, ukikifungua unakiona kimetuna juu, feni inanguruma haizunguki. Ni kifaa cha bei ndogo, ila ukikipata siku ambayo kila fundi wa bonde zima la Phoenix ana foleni utalala hotelini na watoto. Nunueni cha akiba mkiweke gereji, akifunge fundi. Halafu kitu ambacho dalali hawaambii: Julai fungua bomba la maji ya baridi, yanatoka ya moto. Mabomba yamepita kwenye ardhi iliyochemka. Mtoto unamwogesha kwa maji ya "baridi" na bado unasubiri yapoe kwanza.

Hesabu_Kali
Turudi kwenye maji maana ndicho alichouliza. Arizona wana sheria ya maji ya ardhini tangu 1980. Huku eneo la Phoenix, anayegawa ardhi auze viwanja lazima aonyeshe kuna maji ya miaka 100. Juni 2023 gavana Katie Hobbs akatangaza kwamba wataalamu wa idara ya maji wamepiga hesabu ya miaka 100 ijayo wakakuta asilimia 4 hivi ya mahitaji ya maji ya ardhini eneo hili hayatapata maji, kwa hiyo miradi mipya inayotegemea visima peke yake haitapewa vibali vipya. Hakusema mji unakauka kesho, watu waliisoma vibaya. Phoenix yenyewe ina kibali cha mji mzima, ina maji ya mto Colorado na ya mto Salt. Buckeye wakati ule hawakuwa na kibali cha namna hiyo, kila mradi ulikuwa na cheti chake cha maji hayo ya miaka 100. Viwanja kama elfu 80 eneo zima la Phoenix vilishapata vyeti kabla ya zuio na hivyo vinaendelea kujengwa. Kwa hiyo dada, usiulize kama Buckeye ina maji. Uliza mtaa HUO una cheti cha lini na kinasema maji yanatoka wapi.

MguuChini
Cheti, cheti. Miaka 100 ya kwenye karatasi. Kisima hakisomi cheti mzee. Na tatizo ni watu wenyewe, mtu anahamia jangwani na kitu cha kwanza anachimba bwawa la kuogelea. Jangwani! Huo ni ulimbukeni, hakuna jina lingine.

Bwawani
Nani mlimbukeni? Mimi nina bwawa, nimelilipia kwa jasho langu, na wanangu wamejifunza kuogelea humo. Mbele ya nyumba nimeng'oa nyasi zote nikamwaga kokoto, nina miti miwili ya jangwani inayokunywa kwa matone. Bwawa nalifunika. Bwawa lililofunikwa halipotezi maji kama nyasi za jirani yangu anazomwagilia mpaka yanatiririka barabarani. Ukitaka kujua maji ya Arizona yanaenda wapi angalia mashamba, kilimo kinachukua zaidi ya asilimia 70 ya maji ya jimbo zima. Alfalfa! Majani ya ng'ombe, katikati ya jangwa, mengine yanapakiwa melini kwenda Saudia. Halafu mlimbukeni ni mimi na watoto wangu?

Mkulima_Pinal
Nilikuwa nasoma kimya ila hapa siwezi. Nimefanya kazi kwenye mashamba ya kaunti ya Pinal, kusini mwa Phoenix, tangu nifike nchi hii. Unajua mto Colorado ulipotangaziwa upungufu kwa mara ya kwanza, Agosti 2021, nani alikatiwa maji? Sio wewe na bwawa lako. Ni sisi. Kuanzia 2022 maji ya mfereji unaotoka Colorado kuja kwetu yakakatwa, mashamba yakaachwa wazi, ukipita utaona vumbi tu na matrekta yameegeshwa. Mijini hakuna bomba lililofungwa. Na hiyo habari ya Saudia unaichanganya. Ile ni Butler Valley, mbali kabisa magharibi, ardhi ya jimbo, kampuni ya Wasaudi ilikodi, na Oktoba 2023 gavana huyo huyo akatangaza kuwakatizia mikataba. Usinibebeshe mimi.

Bwawani
Sijakubebesha wewe, nimesema kilimo. Asilimia 70 ni asilimia 70.

Mkulima_Pinal
Na maziwa unayowapa wanao yanatoka kwenye nini? Ng'ombe anakula kokoto zako?

Baba_Mjengo
Hapo kakuweza 😂

Bwawani
Mbona maziwa yanaweza kutoka jimbo lenye mvua? Nani kasema lazima ng'ombe afugwe kwenye nyuzi 45?

Mkulima_Pinal
Na nani kasema lazima wewe uishi kwenye nyuzi 45? Shamba lilikuwepo kabla ya mtaa wako. Mitaa mingi hiyo mipya imekaa juu ya pamba na alfalfa ya jana. Kampuni ya ujenzi ikinunua shamba mnaita maendeleo, mkulima akimwagilia mnaita wizi.

Hesabu_Kali
Hapo Mkulima kagusa kitu, ekari ya nyumba mara nyingi inatumia maji machache kuliko ekari ya alfalfa, ndiyo maana wapo wanaosema nyumba zikijengwa juu ya mashamba matumizi ya maji yanapungua. Shida ni zinapojengwa kwenye jangwa bikira, hapo ni matumizi mapya kabisa. Na upande wa magharibi wa Buckeye ndiko kuna mradi ule wa Teravalis, wamepanga nyumba laki moja.

MguuChini
Laki moja!! Halafu naambiwa nitulie. Tafuteni habari za Rio Verde Foothills, kitongoji cha nje ya mji wa Scottsdale, muone. Tarehe 1 Januari 2023 Scottsdale walizuia malori kuchota maji yao kupeleka kule, nyumba mamia zikabaki zinahangaika. Watu wenye majumba ya fahari wanakinga mvua kwenye ndoo wapate ya kumwaga chooni. Majumba ya fahari, jamani, na ndoo.

Hesabu_Kali
Ndugu yangu mfano wako ni wa kweli ila unamtisha dada bila sababu. Rio Verde hawakuwa na cheti. Sheria inabana anayegawa ardhi vipande sita au zaidi, wajanja wakawa wanagawa vitano, anauza, mnunuzi naye anagawa, hivyo hivyo, mpaka kijiji kizima kimesimama na hakuna aliyewahi kuulizwa maji. Wakaishi kwa malori ya maji ya mji jirani ambao uliwaonya miaka mingi kwamba utasitisha. Ndiyo maana nang'ang'ania cheti.

MguuChini
Na mwenye cheti visima vikishuka atakunywa cheti?

Hesabu_Kali
Mji unatafuta maji mengine. Buckeye wameshatoa dola milioni 80 kununua haki ya maji ya bonde la Harquahala, ni moja ya mabonde machache ambayo sheria inaruhusu maji yake kusafirishwa kuletwa huku. Bomba la kuyaleta ni gharama nyingine. Nani atalipa? Wenye nyumba, kwenye bili. Hilo ndilo la kumwambia dada: sioni bomba likikauka, naona bili itapanda, na bajeti yao lazima iwe na nafasi.

Mkulima_Pinal
Harquahala pia palikuwa mashamba. Mnaona? Kila njia inaishia kwa mkulima.

Nesi_wa_Zamu
Mtu ameuliza ahamishie watoto wake wapi, mmehamia kwenye ng'ombe. MamaPacha, mapacha wako wana pumu au yeyote ana kinga dhaifu? Kule kunachimbwa kila siku, na udongo wa huku una kuvu anayeingia kwa vumbi na kuleta homa ya bonde. Wengi hawahisi kitu au wanapata kama mafua, ila kwa wengine inakaa kifuani miezi. Mkihamia, upepo ukianza kuinua vumbi fungeni madirisha, na mkiona kikohozi kisichoisha mwambieni daktari mnaishi pembeni ya ujenzi, apime homa hiyo moja kwa moja asiwape dawa za nimonia mara tatu kwanza.

FundiAC
Na bili ya umeme msiisahau. Nyumba ya vyumba vinne kiangazi siyo apatimenti. Kuna bibi alikufa 2018 humu humu bondeni baada ya kukatiwa umeme, alibakiza deni la dola 51. Hamsini na moja! Mwaka uliofuata ndipo tume ya jimbo ikazuia kampuni zilizo chini yake kukata umeme majira ya joto. Nikikumbuka hilo nakosa hamu ya kubishana mabwawa.

Baba_Mjengo
Sawa, tumesikia joto, vumbi, bili, kuvu, jua la usoni. Na bado watu wanahamia. Wote hao ni wajinga? Mimi nilinunua upande wa magharibi kabla bei haijaruka, leo nina nyumba, nyie mna hoja. Watoto wangu wana chumba kila mmoja. Hamjui mtu anavyojisikia akifungua mlango wake mwenyewe baada ya miaka ya kusikiliza nyayo za mpangaji wa juu.

MamaPacha
Kaka hilo najua, ndilo linaloniuma maana nami nautaka huo mlango. Asanteni wote, hata walionikasirisha. Nimempigia dalali, mwanzo alinizungusha, nikamwambia silipi hata senti ya kushikilia nyumba kabla sijaona karatasi ya maji. Ameituma. Cheti ni cha kabla ya 2023 na chanzo ni maji ya ardhini. Nimemwambia mume wangu tufanye mambo mawili: tuendeshe I-10 siku ya kazi tukitoka Buckeye saa kumi na moja alfajiri, na turudi kuiona nyumba Julai mchana, tufungue bomba, tukae uani. La kwanza kakubali. La pili anasema mpaka Julai itakuwa imeshanunuliwa, na hapo ndipo tumekwama mpaka usiku huu.

Dereva_I10
Ikinunuliwa itakuwepo nyingine dada, si umesema nusu ya mtaa ni misingi. Nendeni Julai.

Bwawani
Mkulima bado hujanijibu, kwa nini ng'ombe lazima awe jangwani?

Mkulima_Pinal
Nitakujibu wewe ukinijibu hili: makubaliano ya sasa ya kugawana mto Colorado yanaisha mwishoni mwa 2026, majimbo saba yanavutana, na Arizona ndiyo inayokatwa mapema kuliko California kwa sababu ya sheria ya mfereji ya 1968. Sisi Pinal maji yetu ya mfereji yameshaondoka. Awamu ijayo wakitafuta wa kumkata, unadhani watakuja kwa nani?

Bwawani
Ndiyo nasema wapunguze alfalfa sasa.

Mkulima_Pinal
Imeshapunguzwa! Njoo Jumamosi nikutembeze mashamba yaliyolala, uje na maji yako ya kunywa, halafu urudi hapa uandike ulichokiona.