Kibodi haijibu hata kwenye BIOS, fundi anapiga Windows upya na kudai malipo: huu ni ufundi gani?

Ndugu zangu, nina laptop ya ThinkPad T430, toleo la mwaka 2012, ambayo ilinifanyia kazi zangu zote bila usumbufu mpaka nilipoipeleka kwenye duka moja la ufundi hapa Dar es Salaam ili feni isafishwe. Iliporudi, feni ilikuwa kimya kama nilivyotaka, na kibodi nayo ilikuwa kimya. Hakuna herufi hata moja iliyoandika, wala kile kidude chekundu kilicho katikati ya G, H na B hakikusogeza mshale, ilhali padi ya kugusa iliyo chini yake ilifanya kazi vizuri.

Nikairudisha. Kijana aliyenipokea alibofyabofya vitufe, akatamka kwamba Windows imeharibika na lazima ipigwe upya. Nilimwomba kwanza aingie kwenye BIOS (programu ya msingi iliyo ndani ya mashine yenyewe, nje ya Windows) aangalie kama vitufe vinajibu humo, akaniambia nimwachie fundi kazi yake. Jioni nilikabidhiwa mashine yenye Windows mpya, isiyo na nyaraka zangu hata moja, kibodi ikiwa maiti vilevile, pamoja na risiti ya shilingi 25,000. (Nakala za nyaraka ninazo kwenye flashi, lakini wao hawakulijua hilo wala hawakuuliza.) Nilipohoji nimelipia nini, jibu likageuka papo hapo: sasa ni bodi mama iliyopigwa shoti, na natakiwa kununua nyingine.

Kinachoniudhi ni kwamba kipimo chenyewe ni cha dakika chache. BIOS huanza kufanya kazi kabla Windows haijapakiwa, kwa hiyo unachomeka kibodi ya nje kwenye USB, unawasha mashine huku ukibonyeza F1, na ukishaingia unajaribu vitufe vya laptop yenyewe. Visipojibu humo, Windows haihusiki kabisa. Vikijibu humo na kugoma ndani ya Windows, hapo ndipo kuna sababu ya kutazama programu, na hata hapo unaanza na mambo madogo, kwa mfano ule mpangilio wa kuchuja vitufe (Filter Keys), unaofanya mibofyo mifupi ipuuzwe, ambao hujitokeza mtu akishikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8. Vikifa vitufe vichache tu vya kundi moja, mara nyingi ni njia ya umeme iliyokatika ndani ya kibodi, kwa sababu vitufe huunganishwa kwa safu za wima na za mlalo, na njia moja ikikatika, vitufe vinavyoitegemea hufa pamoja.

Yangu ilikufa yote, hata kwenye BIOS, pamoja na kile kidude chekundu, na vyote viwili hupita kwenye mkanda mmoja wa nyaya unaoiunganisha kibodi na bodi mama. Tena kwa modeli hii huwezi kuifikia feni bila kuing'oa kibodi. Fundi aliyeing'oa kwa mikono yake angeshindwaje kushuku mkanda alioufungua mwenyewe?

Nyumbani nilizima mashine, nikatoa chaji na betri, nikafungua skrubu za chini zenye alama ya kibodi, nikaisukuma kibodi kuelekea kwenye kioo na kuinyanyua. Kichwa cha mkanda kilikuwa kimekaa upande, kona moja imeshika na nyingine inaelea juu ya soketi. Nilikikandamiza kwa kidole gumba mpaka kikalia "tik", na vitufe vyote vikafufuka.

Duka linakataa kunirudishia fedha kwa hoja kwamba kazi ya kupiga Windows ilifanyika. Ni kweli, hata mgonjwa wa jino aliyefungwa plasta mguuni amefanyiwa kazi. Ninachodai ni shilingi 25,000 zangu, pamoja na maelezo ya maandishi ya kipimo kilichowaonyesha kwamba bodi mama ina shoti. Kama kuna aliyewahi kufikisha shauri la namna hii Tume ya Ushindani (FCC), inayopokea malalamiko ya walaji, naomba anieleze alitakiwa kupeleka vielelezo gani, maana risiti niliyonayo imeandikwa "matengenezo" tu.